Kivumbasi cha Mpakani

Niliporudi nyumbani Mkunya baada ya miaka kumi na moja ya kuolewa Masasi, kilichonichoma hakikuwa ndoa iliyovunjika. Kilikuwa kikapu. Mama yangu ana kikapu cha ukindu cha kuchumia majani na mizizi ya dawa za wanawake. Utotoni tulichapwa kwa kukigusa tu. Siku ile nashuka kwenye bodaboda na begi langu, nikakikuta kimening'inia begani kwa wifi yangu, mke wa kaka.

"Karibu nyumbani, wifi," akasema. Hakukitua kwanza ndipo anipokee. Alinipokea nacho.

Labda hakuwa na nia yoyote. Nimejiambia kwamba katika daftari hili sitamwonea mtu, wala mwenyewe sitajipendelea, kwa hiyo naandika: labda kilikuwa kizito na hakuona sababu ya kukitua kisha akibebe tena. Elimu yangu ni ya darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na mambo mengine sijui kuyapanga vizuri. Lakini kikapu nilikiona.

Mama hajiiti mganga. Ukimwita hivyo anakununia wiki nzima. Hapigi ramli, hafukuzi mapepo, hatibu wanaume. "Wanaume wana dawa yao," husema, "inaitwa kulala." Wanaomjia ni wanawake, na shida zao ni zile za kila siku ambazo mtu huona aibu kuzipangia foleni. Msichana anayekunjwa na tumbo kila mwezi mpaka anakosa shule. Mama wa watoto sita ambaye kiuno kimekataa kuinuka. Mwenye matiti yaliyojaa maziwa yakawa magumu, huyo anawekewa jani la mnyonyo lililopashwa moto. Aliyeishiwa nguvu anaambiwa ale mlonge kama mboga, tena mara nyingi, na jembe amwachie mumewe kwa wiki moja. Halafu waliojifungua, na hao ndio wengi, wanaokandwa kwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani na kujifukiza mvuke wake, siku saba mfululizo.

Mwenye mimba hampi kitu cha kunywa, hata tone. "Kliniki," anasema, na mkono anaunyoosha kuelekea barabarani kama anafukuza kuku. Anayetokwa damu siku nyingi, kliniki. Naandika haya kwa sababu wapo wanaodhani watu kama mama wanashindana na hospitali. Mimi niliuza chai na vitumbua Mkomaindo miaka yote ile, hatua chache kutoka hospitalini, na wengi wa kwetu waliokuja kunywa chai yangu waliniambia, "Mama yako ndiye aliyesema tusichelewe."

Kazi hii hupita kwa mama kwenda kwa binti. Sisi Wamakonde ndivyo tulivyohesabu tangu zamani, mtoto ni wa upande wa mama, na cha mama hubaki upande huo huo. Bibi alimwonyesha mama miti, na yeye bibi alionyeshwa na mama yake. Mimi ni binti pekee. Kwa hesabu yoyote ile nilikuwa mimi.

Ila kuna sharti moja. Mwanamke ambaye hajazaa haonyeshwi. Nilipomzaa binti yangu, aliyebaki Masasi kwa sababu ya shule, nilikuwa huko, nikabaki, nikisema msimu ujao nitakwenda, msimu ujao nitakwenda. Wifi alizaa hapa. Alikandwa na mama yangu, kwa mikono ile ambayo ilipaswa kunikanda mimi. Kwa hiyo kwa haki siwezi kusema aliniibia. Nafasi ilikuwa wazi, akaketi.

Na aliketi vizuri, hilo nalo niliandike. Zamani kwetu mwanamume ndiye aliyehamia kwa mke. Yeye, Mmakhuwa wa bondeni Masasi, alimfuata kaka mpaka huku juu kwenye baridi na shida ya maji. Mama alipolala na goti lake msimu mzima, ni wifi aliyemwogesha. Ni wifi aliyepanga ndoo bombani tangu alfajiri. Mimi nilituma sukari.

Ukishajua yote hayo, wivu ungetakiwa upungue. Wangu uliongezeka. Ningekuwa na la kumshutumu ningepumua. Nilimwonea wivu jinsi wanavyokaa mkekani wakichambua mizizi, mama anasema tu, "Nipe ile," na wifi anampa, bila kuuliza ile ipi. Mara moja mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi. Nikanyoosha mkono, nikabaki nao hewani, maana mizizi yote ilikuwa ya rangi moja kwangu. Wifi akapitisha mkono wake chini ya wangu, taratibu, akachukua mmoja.

Basi nikatafuta pa kumchekea. Wamakhuwa wengi "dawa" wanaitamka "tawa", na yeye pia. Siku moja jirani amekaa jikoni kwetu anaota moto, nikamwigiza: "Mama, tawa hii niianike kifulini? Mama, tawa hii ni ya tumpo?" Jirani alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Baadaye nikakumbuka Masasi walivyonicheka mimi kwa kusema "ntoto" na "nkate", wateja wakiagiza chai kwa lafudhi yangu. Nikaona haya. Lakini nikaona haya nikiwa nimeshachekesha.

Ulipoingia mwezi wa saba, na ukungu unakaa juu ya Mkunya mpaka saa nne, mama na wifi wakaanza kuteremka kila siku. Wanatoka na kikapu, wanashuka ukingo wa uwanda wetu wa juu wa Makonde kuelekea bondeni, wanarudi jua limepanda. Nikaangalia walichobeba: kivumbasi, mchaichai, majani ya mpera pori. Kivumbasi! Kivumbasi kimejaa mpakani mwa shamba letu, hatua mia mbili kutoka jikoni, kinanuka mpaka uani. Mwanamke mwenye goti bovu anashuka mlima na kuupanda kwa sababu ya kivumbasi?

Nikamuuliza. "Mama, si kiko hapa mpakani? Mnateremka kufuata nini?"

Mama alikuwa anajifunga kitenge cha pili kwa ajili ya baridi. "Kufuata kivumbasi," akasema.

Wifi akacheka kidogo. Wakaondoka.

Sasa najua kwamba mama hakunieleza kwa kuwa hakufikiri kuna mtu mzima wa uwanda huu asiyejua. Siku ile mimi nilisikia mlango ukifungwa. Nikapata jibu langu mwenyewe: wanateremka ili wawe peke yao. Huko chini ndiko anakomwonyesha. Kivumbasi ni kisingizio tu cha kuwa mbali na mimi.

Wiki ile ile binti wa jirani yetu wa nyumba ya tatu akajifungua salama kituo cha afya, akarudishwa nyumbani, na mama akaombwa majani ya kumkanda. Kila siku wifi alikuwa anafunga fungu moja kwa kamba ya mgomba, analiweka kichanjani jikoni, na bibi wa kichanga anakuja kulichukua mwenyewe. Siku ya nne alikuja mapema, wenzangu hawajarudi.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Majani yangu yapo?"

Yalikuwepo. Fungu la wifi lilikuwa kichanjani tangu jana yake jioni, limefungwa vizuri, majani yote yameelekea upande mmoja. Nilisimama mbele yake. Ninachokwenda kuandika sasa nimekizungukia siku nyingi.

"Kaa unywe chai kidogo," nikamwambia. "Nakuletea."

Nikatokea mlango wa nyuma, nikaenda mpakani. Ukungu ulikuwa mzito, majani yameloa, nilichuma kwa mikono miwili, haraka. Nilijua ni kivumbasi, hakuna asiyekijua. Nilichotaka ni yule mwanamke akandwe kwa majani yangu na asikie nafuu, hata kama ni mimi peke yangu nitakayejua. Nikafunga fungu kwa kamba ya mgomba kama ya wifi, nikarudi.

"Haya hapa, shangazi."

"Nashukuru. Mnanisaidia sana, mwambie na wifi yako."

Hakuuliza nani kachuma. Sikusema. Sikudanganya kwa maneno, lakini nilijua anaamini nini, na nikamwachia aamini. Ningesema kwa mdomo wangu "nimechuma mie", angeweza kujibu, "Basi nangoja la wifi yako." Hilo ndilo nililoliogopa.

Fungu la wifi nikawatupia mbuzi. Waliporudi wifi akatazama kichanjani.

"Bibi kaja?"

"Kaja."

"Kachukua lile?"

"Eeh," nikasema. Hapo sasa nilidanganya kwa maneno.

Kesho yake asubuhi tuko uani, tukasikia sauti kabla ya kumwona mtu.

"Hodi! Hodi hapa! Yuko wapi huyo Mmakhuwa wenu?"

"Karibu," mama akasema. "Kwanza tusalimiane."

"Salamu nitaleta kesho. Leo nimeleta habari ya macho ya binti yangu. Njoo uyaone."

Tulikwenda wote watatu. Binti wa watu alikuwa amekaa kitandani, macho yamevimba na kuwa mekundu, anatokwa machozi. Shingo na kifua vimekuwa na wekundu na anajikuna. Alisema alipojifunika blanketi juu ya chungu mvuke ulimkaba koo, akakohoa, lakini akavumilia, akidhani dawa ndiyo inafanya kazi. Kichanga kilikuwa kwa mama yake mdogo chumba cha pili, maana kwetu mtoto haletwi kwenye mvuke. Nilishukuru Mungu kwa hilo, na nilishukuru kwa woga, si kwa wema.

Mama alimwinua kidevu, akamtazama macho. Akaomba maji safi ya baridi, akamwosha macho, akamwosha mwili, maji mengine, mengine tena. Kisha akasema apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Akapelekwa, akapewa dawa ya kupaka na ya macho.

"Umempa nini mwanangu?" bibi akamkabili wifi. "Sema! Umempa nini?"

Wifi alikuwa ameshika ndoo. "Majani yale yale, mama. Ya kila siku."

"Ya kila siku ndiyo yanatoa macho?"

"Labda sikuyaangalia vizuri," wifi akasema. "Labda kuna jani limeingia." Na uso wake ulikuwa wa mtu anayerudi nyuma kichwani, anapita njia yote aliyopita, anatafuta.

Mimi nilisimama mlangoni. Wakati ule sikujua kosa ni nini. Nilijiambia, kivumbasi ni kivumbasi. Pengine ni fungu la juzi, alilochuma yeye kweli. Pengine lilichelewa tu kuonyesha. Nilishikilia hiyo "pengine" kwa nguvu zangu zote.

Bombani habari ilifika kabla ya ndoo zetu.

"Miti ya huku inataka wenyewe."

"Mmakhuwa akajue nini cha Makonde? Apewe mtama atwange."

"Na yule mama naye, ana binti yake wa kumzaa, anamwacha, anampa mtu baki!"

Nilikuwa nimesimama palepale. Sentensi ile ya mwisho nilikuwa nimeisema mwenyewe moyoni kwa miezi, na sasa inasemwa na watu wazima, kwa sauti, mchana. Ilikuwa tamu. Siwezi kuandika kwamba ilikuwa chungu, kwa sababu ilikuwa tamu.

Mmoja akanigeukia. "Wewe ungekuwa ndiye unayechuma, haya yangetokea?"

"Mh, mie sijui," nikajibu, kwa ile sauti ya mtu anayejua.

Wifi alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Alijaza ndoo, akajitwisha, akaondoka bila kumwaga tone.

Nyumbani alitoa kila kilichokuwa kwenye kikapu, akakitandaza mkekani, akanusa jani moja moja. Akaja kwangu. "Wifi, lile fungu ulipolitoa kichanjani, halikuwa na harufu yoyote?"

"Sikunusa," nikasema.

Siku ya pili yake mama akatoa uamuzi, tukiwa tunakula. Alisema bila kuinua macho. "Kesho utateremka nami wewe, mwanangu. Mkwe wangu apumzike mpaka midomo ya watu ipoe."

Wifi alikuwa anamlisha mwanawe. Kijiko kilisimama kidogo, kisha kikaendelea. Asubuhi nilikuta kikapu kimetundikwa kwenye msumari wa mlango wangu. Alikuwa amekifuta kwa kitambaa cha maji, hakikuwa na hata udongo wa jana. Angekitupa mlangoni ningejisikia vizuri zaidi.

Tukateremka. Mama alikuwa anashuka kwa ubavu, goti moja kwanza, mkono wake begani kwangu, na mimi nilikuwa nahesabu kila hatua ambayo mkono ule umekaa kwa wifi badala yangu. Kwa mbele ukungu ulianza kupasuka, bonde la Ruvuma likaonekana vipande vipande. Tulipofika penye kivumbasi nikaanza kuchuma.

"Mbona unavuna kama mpunga?" mama akasema. "Geuza jani kwanza, ulitazame."

"Natazama nini?"

"Salfa."

Nikamtazama yeye.

"Huku chini haifiki," akasema, "lakini jicho lizoee. Kwani unadhani napenda mlima, na goti hili? Tangu mashine ya kwanza ya kupulizia mikorosho ingurume mpaka mvua zije zioshe, jani la huko juu haliingii kwenye chungu changu. Hata kama shamba lako hujapuliza, la mwenzio limepulizwa, na unga ule haujui mpaka. Ukungu ukiulowesha huuoni tena. Na kivumbasi kina harufu kali, kinauficha. Ukichemsha ndiyo unapanda na mvuke mpaka machoni." Akachuma jani, akaligeuza, akaliweka kikapuni. "Kila mtoto wa huku analijua hilo. Ndiyo maana simwelewi mkwe wangu. Nilimwambia mwaka wake wa kwanza. Hajawahi kukosea hata mara moja."

Shamba letu lilikuwa bado, kaka alikuwa anangoja zamu ya mashine. Hata ningewaza salfa, ningepima kwa shamba letu. La jirani, upande wa pili wa mpaka, lilikuwa limepulizwa alfajiri, siku moja kabla sijachuma. Niliisikia ile mashine. Niliisikia kabisa, nikiwa nimelala, na nikajifunika. Miaka kumi na moja Masasi, na hata Masasi wanapuliza. Lakini Masasi sikuwa nachuma chochote, nilikuwa nanunua majani ya chai dukani.

Sikusema kitu. Sitaki msomaji, kama yupo, adhani nilisema palepale. Tulijaza kikapu. Tulikaa tukala muhogo. Nilikuwa na nafasi kama nusu saa nzima, na sikusema.

Kisha mama akainuka. "Njoo huku."

Tukapita kwenye kichaka, kando ya jiwe, mpaka kwenye mti mmoja usio mkubwa. Mti wa kawaida, ningeupita mara mia. Mizizi yake ndiyo inayotuliza tumbo la hedhi, ile dawa ambayo wasichana wanatoka hata kijiji cha Makote kuifuata.

"Weka mkono," mama akasema.

Nikaweka.

Kuonyeshwa kwenyewe ni hivi tu, hakuna ngoma wala ubani. Unaweka mkono kwenye gamba, anayekuonyesha anauliza, "Umeuona?" Ukijibu, "Nimeuona," basi umepewa, waweza kuuchimba maisha yako yote na kumwonyesha mwanao. Usipojibu hukupewa, hata kama umeutazama mchana kutwa. Nililijua hilo tangu mdogo, kila mwanamke wa kwetu analijua, hata wale wasioonyeshwa kamwe.

"Umeuona?" mama akauliza.

Gamba lilikuwa baridi. Nilikuwa nimelingoja neno lile tangu nilipomzaa binti yangu, na kabla ya hapo. Nilifungua kinywa kwa ajili yake. Nakumbuka ulimi ulishakaa mahali pa kulianzia.

"Mama, yale majani nilichuma mimi."

Hakuelewa. "Majani yapi?"

"Ya bibi wa kichanga. Nilichuma mpakani. Fungu la wifi niliwapa mbuzi."

Nilimwona akilirudia kichwani, mpakani, mbuzi, na nikamwona alipofika kwa wifi, yule aliyekaa nyumbani siku ile kwa sababu yangu.

"Toa mkono," akasema.

Nikautoa.

Wakati wa kupanda hakuniegemea. Alishika vichaka, alisimama mara nyingi, na kila nilipomsogelea alisema, "Tangulia." Tulipofika juu akaniambia masharti yake. "Utasema kwa kinywa chako. Kwanza kwa mkwe wangu. Kisha kwa bibi. Kisha bombani, maana jina lake limechafuliwa bombani. Mimi sitakusaidia kusema."

Wifi alikuwa anatwanga. Nilisema nikiwa nimesimama. Alisikiliza na mchi mkononi, na nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Langu ulilipeleka wapi?"

"Kwa mbuzi."

"Nililipandisha mlima na mtoto mgongoni," akasema. "Ungeniomba kikapu, wifi, ningekupa. Siku mbili, wiki, ningekuachia. Sasa hukipati." Hakupandisha sauti. Akarudi kutwanga.

Nilidhani atanisamehe, au atanitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili.

Bibi wa kichanga alinisikiliza hadi mwisho, mikono kiunoni. Macho ya binti yake yalikuwa yameshapona. "Ulinipa ukinitazama usoni! Nami nikakushukuru!"

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

"Leo usiniite shangazi. Rudi wiki ijayo uniite."

Bombani ilikuwa vigumu kuliko kote, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Ilibidi niseme katikati ya foleni, na ndoo zinagongana, na mara ya kwanza hawakusikia, nikarudia kwa sauti. Kisha yule yule aliyesema miti ya huku inataka wenyewe akapaza sauti: "Basi hao mbuzi wako tuwakamue! Maziwa yao yatakuwa na dawa!" Wakacheka, na nikacheka na mimi, kwa kuwa ilikuwa inachekesha. Hakuna aliyemwomba wifi radhi, hilo nimelingoja nikaona halikuja. Walianza tu kumsalimu tena.

Mvua za mwaka ule zilikuja, zikaosha, na nyingine zimekuja baada ya hizo. Mama na wifi wanaendelea pamoja. Mama hajasema kwamba sitaonyeshwa kamwe, wala hajasema kwamba nitaonyeshwa. Sijamuuliza. Kuna siku nadhani ananipima, kuna siku nadhani amesahau, na hilo la pili ndilo linalonitisha. Wivu haujaondoka. Ningependa kuandika kwamba umeondoka, lakini leo asubuhi wifi amemrekebishia mama kitenge begani, na mimi nimeangalia pembeni.

Mti nilipouacha napakumbuka. Naweza kwenda peke yangu na kurudi kabla chai haijapoa. Sijaenda, na hapa sitaandika ulivyo, maana daftari si sanduku, mtu anaweza kulisoma.

Wiki iliyopita alikuja msichana kutoka Makote, amejikunja, ameshika tumbo, anatembea kama bibi kizee. Wenzangu walikuwa bondeni. Nilimtandikia mkeka, nikachemsha maji, nikampa chupa ya maji ya moto aiweke tumboni, imtulize kidogo.

"Dawa yenyewe je, dada?" akauliza.

"Mpaka warudi."

"Kwani wewe si binti yake?"

"Ni binti yake," nikasema. "Anayechimba ni wifi. Subiri, hawachelewi."

Akasubiri. Nami nikakaa naye palepale, nikamkanda kiuno kwa mkono wangu mmoja, na tukatazama njia.